Sentensi ya Kasiva

Mgeni yule hakubisha hodi. Mwalimu Mwau alikuwa amewapa mgongo wasichana wa kidato cha tatu, anamalizia kuandika neno "unless" ubaoni, aliposikia darasa zima likisimama kwa kishindo, madawati yakikwaruza sakafu, kama linavyosimama mkuu wa shule anapoingia. Akageuka, chaki mkononi. Mlangoni palikuwa na mwanamume wa makamo, koti la suti limemzidi mabega, miguuni amevaa akala za mpira wa gari, kofia ameivua na kuikumbatia kifuani.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Nimeambiwa alikuwa akikaa humu."

Hakuna aliyeuliza anamsema nani. Tangu Ijumaa dawati moja la karibu na dirisha lilikuwa tupu, na hakuna msichana aliyethubutu kuweka hata kalamu juu yake.

"Mimi ni Nzomo, babake Kasiva. Nimetoka Kwa Vonza kuja kuchukua sanduku lake na godoro. Sasa matroni mwenye funguo za bweni ameenda Matiliku sokoni, wakaniambia ningoje getini. Nikaona, kungoja ni kungoja tu, heri ningojee hapa. Kama sikusumbui."

Mwau alishusha chaki. Mzee yule akaichukulia hiyo kuwa ruhusa. Akapita katikati ya madawati, taratibu, akiangalia asikanyage miguu ya watoto wa watu, akafika dirishani bila kuonyeshwa na mtu. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, kwa hiyo akakaa upande, kofia juu ya paja.

"Endelea, mwalimu. Nifanye kama sipo."

Mwau akaendelea, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya. Somo lilikuwa viunganishi vya masharti katika Kiingereza: if, unless, provided that, in case. Alikuwa na namna yake ya kulifundisha. Hakupenda mifano ya vitabuni, ile ya watu wasiojulikana wanaokosa treni katika miji isiyojulikana. Kila msichana alitakiwa kuleta sentensi kutoka kwao nyumbani. Mmoja alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba mvua ikinyesha mama yake atapanda ndengu. Mwingine akasema kisima cha mtoni kisipochimbwa zaidi, punda wao atakufa. Wa tatu akaanza na "if", akatazama dirishani, akaketi na kufunika uso kwa sweta.

Nzomo alisikiliza yote. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, kama mtu anayefuata wimbo wa kanisa ambao maneno yake hayajui vizuri. Kengele ilipolia na wasichana kutoka, alibaki ameketi.

"Hayo ndiyo mlikuwa mkisoma naye?"

"Ndiyo, mzee. Tulikuwa tumeanza tu."

"Ni magumu?"

"Yanataka mazoezi."

"Alikuwa anayaweza?"

"Alikuwa anajitahidi sana," Mwau alisema, na huo ulikuwa ukweli. Kasiva hakuwa wa kwanza darasani wala wa pili. Alikuwa msichana wa kuandika sentensi moja, kuifuta, kuiandika tena, mpaka karatasi inatoboka.

Walitoka nje wakasimama kando ya tangi la maji, penye kivuli. Ndipo Nzomo akasema kilichomleta.

"Sanduku ningeweza kumtuma mtu, mwalimu. Nimekuja kwa sababu ya mama yake. Sisi tulifika hospitalini mtoto hasemi tena. Akafa hivyohivyo. Sasa mama Kasiva hali, halali, kazi yake ni kuuliza neno moja tu: alisema nini? Kwa mara ya mwisho, alimwambia nani, alisema nini? Nimewauliza wasichana wa bwenini. Wanasema walimkuta kitandani anaugua tu, maneno hayatoki. Nimemuuliza matroni. Anasema hakuona kitu. Wewe ulimwona siku hiyo?"

Mwau alishika bomba la tangi. Lilikuwa la moto kwa jua, lakini hakuliachia.

"Nilimwona."

"Aliongea na wewe?"

"Aliongea."

Nzomo aliinua mkono haraka, kama anayezuia ng'ombe asiingie shambani. "Basi usiniambie mimi. Mimi kichwa changu wiki hii ni ungo, nitayamwaga njiani. Jumamosi tunazika. Uje umwambie mwenyewe. Na usiweke chumvi, mwalimu. Mama yake anamjua mtoto wake, atajua. Lete kama yalivyokuwa."

"Nitakuja," alisema Mwau.

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi, mzee."

Walipeana mikono. Baadaye Mwau alimwona mzee yule akitoka getini, godoro begani, sanduku la chuma kichwani, amekataa kusaidiwa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika mlango wa ofisi ya walimu, pale Shule ya Wasichana ya Kyeng'ele, palikuwa na karatasi iliyobandikwa muhula uliopita. Mwau aliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akaipamba kwa kalamu nyekundu. Ilisema kwa Kiingereza kwamba kila shida ya mwanafunzi itasikilizwa, mradi isemwe kwa Kiingereza. Zamani shule ilikuwa na kibao cha kuvishwa shingoni yule aliyeponyokwa na Kikamba, na jioni mwenye kibao alichapwa. Mwau aliona ule ni ushenzi na alipoajiriwa na bodi ya shule alipigana mpaka kikaondolewa. Karatasi ilikuwa badala yake: hakuna fimbo, hakuna aibu, mlango tu wenye sharti dogo. Aliamini hivyo kwa moyo wote. Yeye mwenyewe alifika chuo kikuu akiwa na Kiingereza cha kuombea maji, akachekwa darasani hadi akaacha kuinua mkono, na aliapa wasichana wake hawatachekwa na mtu.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia, saa ya michezo, Kasiva alikuja mlangoni. Mwau alikuwa peke yake, anasahihisha. Msichana akaanza kwa Kikamba. Mwau, bila ukali, kwa tabasamu kabisa, akaonyesha karatasi kwa ncha ya kalamu. Kasiva akaitazama. Akashika fremu ya mlango.

"Teacher, if I..." alisema. Akanyamaza. "If I..."

Mwau alifurahi! Hilo ndilo lililomrudia kila alipofumba macho: kwamba alifurahi. Wiki ya masharti, na mtoto anayefuta sentensi zake mpaka karatasi inatoboka amekuja mwenyewe, nje ya saa za darasa, kufanya mazoezi. "Vizuri sana," alimwambia kwa Kiingereza. "If you what? Usiharakishe. Nenda ukaitafute, uniletee sentensi nzima wakati wa prep ya jioni."

"Thank you, teacher," Kasiva alisema, akaenda.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kupasuka. Hakuja prep. Wenzake walipomaliza kusoma na kurudi bwenini, walimkuta amejikunja kama mtoto mchanga.

Mwau alimweleza mkuu wa shule haya yote Jumapili, akilia. Jumatatu asubuhi karatasi haikuwepo mlangoni. Zilibaki pembe zake nne tu, zimeshikwa na gundi.

Sasa, Nzomo alipokuwa amekwisha kuondoka, Madam Syombua, mkuu wa shule, alimwita Mwau ofisini. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya upole, ambaye aliijenga Kyeng'ele kutoka madarasa ya mabati. Wiki hii macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Nimekuona na yule baba pale kwa tangi. Umemwambia nini?"

"Bado, madam. Nimemwahidi Jumamosi nitamwambia mama yake."

"Utamwambia nini?"

"Alichosema Kasiva."

Madam Syombua alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Mwau, nisikilize kama mama yako. Bodi imekaa. Msimamo wa shule ni mmoja: msichana hakuripoti ugonjwa kwa mtu yeyote. Ukienda kule useme aliripoti kwako, kesho ni polisi, keshokutwa ni wakili, na mwezi ujao wazazi wanahamisha watoto. Hawa wasichana watapelekwa wapi? Nusu yao wakitoka hapa wanaolewa."

"Lakini aliripoti, madam."

"Alisema 'if'. Hiyo ni ripoti? Mimi nikija hapa nikuambie 'if', utajua naumwa?"

Mwau alitazama miwani mezani. Alikuwa amejiuliza swali hilo tangu Alhamisi na hakuwa amelipata jibu.

"Jina lako liko mezani kwa Tume ya Walimu," aliendelea mkuu wa shule, kwa upole uleule. "Unajua umengoja kuajiriwa na serikali miaka mingapi. Barua ya kukusifu nimeiandika mimi kwa mkono wangu, kwa sababu wewe ni mwalimu, Mwau, si wa kubahatisha. Jumamosi tutapeleka basi na kwaya. Wewe hutakuwa kwenye basi. Na ukienda kwa njia yako, basi hiyo njia usirudi nayo hapa."

Jioni ile Mwau hakula. Amin, mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akiishi naye nyumba moja ya walimu, kijana wa Mwingi asiyekosa la kusema, alisonga ugali, akakaanga sukuma, akamsukumia sahani mara mbili, kisha akaila mwenyewe.

"Nyinyi watu wa Kiingereza mna taabu," alisema, mdomo umejaa. "Sisi tuna -nge- na -ngali-, tumeziweka vitabuni tangu babu zetu, na hazijamfufua mtu. Ningalijua huja nyuma. Kula."

"Sina hamu."

"Unakwenda?"

"Nimeahidi."

"Haya, nenda. Kuahidi uliahidi kwenda na kusema, si ndiyo? Hukuandikiwa la kusema." Amin alinawa mkono, akasogea. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Sikiza, ndugu yangu. Mwambie yule mama kwamba mtoto alikuja mlangoni akasema, mwalimu, ukimwona mama yangu unisalimie. Basi. Nani atakupinga? Mama atalia, atapumzika. Madam hatakuwa na kesi. Wewe utabaki darasani. Mtu mmoja aniambie ni nani atakayeumia hapo."

Mwau alilifikiria. Alilifikiria kwa dhati, kwa sababu lilikuwa jambo zuri, lenye huruma, na lisilomgharimu mtu. Alimsikia Kasiva akilisema, kwa Kikamba, kwa sauti yake ile ya chini. Ilikuwa sentensi nzima, imekamilika, haina doa.

"Si yake," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Hiyo sentensi, Amin. Ni yetu. Nilishamnyima moja. Nikimwekea nyingine mdomoni nitakuwa nimemfanya nini?"

"Utakuwa umeokoa kazi, mpumbavu wewe," Amin alisema, lakini aliinuka akamtengenezea chai, akaiweka karibu na mkono wake.

Jumamosi Mwau alifika Kwa Vonza kabla ya saa sita, vumbi la barabara limemgeuza nywele kuwa za mzee. Hakuhitaji kuuliza njia, spika ya kanisa ilikuwa ikisikika tangu sokoni. Boma la Nzomo lilikuwa juu ya kilima kidogo chenye matuta yaliyochimbwa vizuri na yasiyo na kitu cha kuvuna. Mahindi ya msimu yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti. Hema lilijaa watu. Basi la Kyeng'ele lilikuwa limeegeshwa kando ya ua, na wasichana wa kwaya, sweta za kijani na macho yaliyovimba, walikuwa wakipangwa mistari.

Naibu wa mkuu wa shule alikuwa kwenye maikrofoni. Alisema Kasiva alikuwa mtoto mtulivu. Alisema hakuwahi kulalamika. "Hata siku ya mwisho," alisema, "hakumsumbua mtu," na hema zima likaguna kwa huzuni, kina mama wakitikisa vichwa, kwamba kweli, alikuwa mtoto mwenye adabu.

Madam Syombua alimwona Mwau kabla hajafika kivulini. Alitoka kwenye kiti chake cha wageni wa heshima, akamjia, leso mkononi, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumsalimia jamaa. Kwa mbali ungedhani anampa pole.

"Bado hujaingia," alisema kwa sauti ya chini. "Kaa hapa nyuma, imba na watu, zika mtoto, urudi kwa basi na sisi. Sitauliza kitu. Hata kukuona sijakuona."

"Mama yake ananingoja, madam."

"Mwau." Madam alimshika mkono. "Ukiingia kwenye ile nyumba mimi siwezi kukusaidia tena. Unaelewa? Si kwamba sitaki. Siwezi."

"Naelewa."

Madam alimwachia mkono. Kisha akanyoosha kiganja. Mwau alitoa mfukoni funguo za stoo ya vitabu, akaziweka pale. Zilikuwa na kamba ambayo wasichana wa kidato cha nne waliosoma mwaka uliopita walimsukia kwa nyuzi za kiondo. Aliifikiria ile stoo, harufu yake ya karatasi mpya, na wasichana watakaosimama Jumatatu mtu mwingine akiingia. Alikuwa anaipenda kazi ile kama watu wengine wanavyopenda watu. Hakuwa na hakika kwamba atasimama tena mbele ya darasa lolote maishani.

Nzomo alikuwa mlangoni pa nyumba. Koti ni lilelile. Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi.

"Huyu ndiye wa maneno," aliwaambia wanawake waliokuwa ndani, na wakasogea.

Chumba kilikuwa na giza baada ya jua la nje. Kaluki, mama yake Kasiva, aliketi sakafuni juu ya godoro, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Mwau alilitambua lile godoro. Alipiga magoti mbele yake ili asimwangalie kutoka juu.

"Mwaitu," alimwita, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi, na akazungumza Kikamba. "Mimi ni mwalimu Mwau. Nimeleta alichosema."

Macho ya mwanamke yule yalimtua usoni na kubaki hapo.

Akamweleza. Kwamba mtoto alikuja mlangoni saa ya michezo. Kwamba alianza kwa Kikamba na yeye hakumruhusu, akamwonyesha karatasi. Kwamba alishika fremu ya mlango kwa mkono wa kulia. Kwamba alisema, teacher, if I, akanyamaza, akasema tena, if I. Kwamba yeye alidhani anafanya mazoezi, akamwambia akaimalizie. Kwamba alisema asante, akaenda.

Mmoja wa wanawake akasema, "Yesu wangu," na mwingine akamkemea anyamaze.

"Hiyo 'if'," Kaluki aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio. "Ni nini?"

"Ni 'kama'. Kama mimi..."

"Kama yeye nini?"

"Sijui, mwaitu. Sikumwacha afike."

"Nikienda kulala. Nikianguka. Nikifa. Ilikuwa ipi?"

"Sijui."

Nje kwaya ilianza kuimba. Kaluki alifuta midomo kwa ncha ya leso, na Mwau akangoja kofi, au laana, au kufukuzwa. Angeyapokea yote kwa shukrani.

"Muhula ulipoanza," Kaluki alisema, na hakuwa akimwambia mtu hasa, "alitaka kuniambia jambo kwa simu ya matroni, kwa Kikamba. Nikamwambia, wacha hiyo, wenzako watakusikia. Nikamwambia, mwalimu wako ni mtu mzuri, mfuate yeye. Zungumza kama yeye." Alitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyemwambia hivyo."

Mwau alitafuta neno la kumwondolea mzigo ule, na kila neno aliloligusa lilikuwa bovu. Alikuwa amekuja kuuleta ukweli akidhani, ndani kabisa, mahali ambapo hakuwa amejiambia mwenyewe, kwamba ukweli ukishafika utafanya kazi fulani. Haukufanya kazi yoyote. Ulikaa tu pale kati yao juu ya godoro.

Mchungaji alichungulia mlangoni kusema wakati umefika wa kubeba jeneza. Nzomo akamrudisha nje kwa mkono.

"Rudia," alisema Kaluki.

"Mwaitu?"

"Rudia. Polepole. Usiache kitu."

Nje ya dirisha, watu wa shule walikuwa wameshaanza kutazama saa, na basi lilikuwa limewashwa. Mwau alibaki magotini. Akaanza tena, kutoka mlangoni, kutoka mkono wa kulia, na alipofika mwisho mama yule akasema, "Rudia," naye akarudia.